Namna Baraza la Chuo Kikuu cha Umma Linavyopaswa Kushughulikia Maamuzi ya Taaluma na ya Wahadhiri: Mwongozo kwa Mjumbe Mpya

Kabrasha la kikao cha kwanza humfikia mjumbe mpya wa Baraza la Chuo likiwa nene kuliko alivyotarajia. Ndani yake kuna taarifa ya fedha ya robo mwaka, zabuni ya ukarabati wa mabweni, ripoti ya mkaguzi wa ndani na, katikati ya hayo, waraka wa kurasa tatu unaoishia kwa sentensi moja: "Baraza linaombwa kuidhinisha." Kinachoombewa idhini ni shahada mpya, au uteuzi wa maprofesa wanne, au kuunganishwa kwa idara mbili. Mjumbe huyo huenda ni mhandisi, wakili, mfanyabiashara au mtumishi wa umma aliyestaafu; zabuni anaielewa na mizania anaisoma bila shida, lakini waraka huu humwacha njia panda. Wako wanaoupitisha bila kuuliza lolote kwa kuwa wataalamu wameshasema, na wako wanaoanza kuhoji kwa nini somo la takwimu limewekwa mwaka wa pili badala ya wa kwanza. Wote wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Mwongozo huu unahusu kazi iliyopo kati ya makosa hayo mawili, yaani kuhakikisha kwamba uamuzi wa kitaaluma umefanywa na wanaostahili kuufanya, kwa njia iliyowekwa, na kwamba chuo kina uwezo wa kuubeba.

Anza na vitenzi vya sheria

Chuo kikuu cha umma huanzishwa kwa sheria au kwa hati idhini, na chini yake huwa na kanuni zinazogawa madaraka. Kabla hujasoma waraka wowote, chukua vifungu vinavyotaja Baraza na vile vinavyotaja Seneti, yaani chombo cha wanataaluma wa chuo, uvisome sambamba, ukiangalia vitenzi. Kuamua, kuidhinisha, kuridhia na kupokea taarifa ni mambo manne tofauti. Tofauti ambayo wengi huipita bila kuiona ni ile iliyopo kati ya uamuzi unaofanywa na Baraza "kwa kushauriana na Seneti" na ule unaofanywa "kwa mapendekezo ya Seneti". Katika hali ya kwanza Baraza lina wajibu wa kuisikiliza Seneti kwa dhati, kisha linaamua, hata kama uamuzi wenyewe hautaifurahisha Seneti. Katika hali ya pili hakuna uamuzi unaoweza kufanyika kabla pendekezo halijaletwa. Baraza laweza kulikubali, kulikataa au kulirudisha, lakini haliwezi kutunga pendekezo la kwake mezani na kulipitisha papo hapo. Katika miaka niliyoandika mihtasari ya vikao vya namna hii, nimeona saa nzima ikiteketea katika mjadala mkali juu ya jambo ambalo, kwa maneno ya kanuni zenyewe, Baraza lilitakiwa kulipokea kama taarifa tu.

Vyuo vingi vya umma hutumia mfumo wa vyombo viwili. Baraza, ambalo wajumbe wake wengi hutoka nje ya chuo, husimamia fedha, mali, ajira na mwelekeo wa taasisi. Seneti, ambayo hujazwa na wanataaluma, husimamia mitaala, mitihani, udahili na utoaji wa shahada. Mfumo huo si wa pekee. Chuo Kikuu cha Toronto kinaongozwa tangu 1972 na chombo kimoja chenye wajumbe 50, ambamo wahadhiri, wanafunzi, watumishi, wahitimu na wateule wa serikali huketi pamoja, na masuala ya taaluma hupitia kwanza katika bodi ya taaluma iliyo chini ya chombo hicho. Oxford nako, chombo cha juu kabisa ni mkutano mkuu wa wanataaluma na watumishi waandamizi wa chuo, ambao una uwezo wa kuyakataa hata mapendekezo ya baraza lake. Mjumbe aliyewahi kuhudumu chuo kimoja asidhani kwamba desturi za huko zinahamia naye.

Pale sheria inapokaa kimya, zipo nyaraka zinazoweza kutumika kama kipimo. Mwaka 1966, nchini Marekani, chama cha maprofesa wa vyuo vikuu, baraza la elimu la nchi hiyo na chama cha mabaraza ya uongozi wa vyuo vilitunga kwa pamoja tamko linalosema kwamba mitaala, mbinu za kufundishia, utafiti na hadhi ya wahadhiri ni jukumu la msingi la wahadhiri wenyewe. Tamko hilo halikulinyima baraza uwezo wa kwenda kinyume na hukumu yao, bali lilitaka jambo hilo lifanyike kwa nadra, kwa sababu nzito, na sababu hizo zielezwe kwa kina. UNESCO nayo ilipitisha mwaka 1997 pendekezo kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, linalozungumzia uhuru wa taasisi, uhuru wa kitaaluma na usalama wa ajira. Barani Afrika yalitangulia matamko mawili ya mwaka 1990 juu ya uhuru wa kitaaluma, moja la Dar es Salaam na jingine la Kampala. Hakuna kati ya hayo linaloipiku sheria ya nchi, lakini Baraza linalotafuta maneno ya kuandika katika kanuni zake lina mahali pa kuanzia.

Waraka wa programu mpya usomwe kuanzia nyuma

Tuchukue waraka unaoomba kuanzishwa kwa shahada ya uzamili katika uhandisi wa mazingira. Kurasa za mbele zitajaa maelezo ya umuhimu wa fani hiyo, na hayo ni nadra kuwa na ubishi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoonyesha njia iliyopitiwa: tarehe ya kikao cha idara, cha bodi ya kitivo, cha kamati ya mitaala na cha Seneti. Ikiwa bodi ya kitivo ilikaa Jumatatu, kamati ya mitaala Jumanne na Seneti Alhamisi ya juma hilo hilo, una haki ya kuuliza ni nani aliyepata muda wa kuusoma. Usiridhike na sentensi isemayo kwamba Seneti iliridhia. Omba dondoo ya muhtasari wenyewe, kwa sababu humo ndimo utakapokuta kwamba mkuu wa idara jirani alieleza wasiwasi kuhusu kozi zinazofanana na za kwake, na kwamba wasiwasi huo ulijibiwa, au haukujibiwa. Kuwapo kwa upinzani katika muhtasari si dalili ya udhaifu. Muhtasari usio na sauti yoyote ya tofauti ndio unaopaswa kukutia mashaka kidogo.

Baada ya njia, uje kwenye uwezo, na hapa ndipo Baraza lina utaalamu ambao Seneti mara nyingi haina. Uliza ni wahadhiri wangapi waliopo wenye sifa ya kufundisha na kusimamia tasnifu, wangapi wataajiriwa, na mishahara yao imewekwa katika bajeti ya mwaka gani. Uliza mhadhiri mmoja atakuwa na wanafunzi wangapi wa kusimamia. Maabara ipo au inasubiri mfadhili? Kisha rudi kwenye makisio ya udahili, kwani katika nyaraka za aina hii hiyo ndiyo namba inayopikwa kwa matumaini kuliko zote. Swali zuri ni hili: wakijitokeza nusu tu ya wanaotarajiwa, programu itaendelea kwa miaka mingapi, na ni fungu gani litakaloibeba?

Swali la ithibati lisiachwe kwa mazoea. Katika nchi nyingi programu haiwezi kutangazwa kabla mamlaka inayosimamia vyuo vikuu haijaiidhinisha, na kwa fani kama uhandisi, uuguzi, udaktari na sheria huwa kuna bodi ya taaluma yenye masharti yake ya ziada. Chuo kinachodahili wanafunzi huku maombi ya ithibati yakiwa bado mezani kwa watu wengine kinawakopesha vijana shahada isiyokuwapo. Azimio la Baraza laweza kusema waziwazi kwamba udahili hautaanza kabla cheti cha ithibati hakijapokelewa. Sentensi hiyo moja ina kazi kubwa kuliko saa mbili za mjadala juu ya yaliyomo katika kozi.

Kuhusu yaliyomo, jizuie. Kama wewe ni mhandisi na unaona somo fulani limesahauliwa, mwandikie mkuu wa kitivo kwa jina lako kama mtu wa fani, siyo kama mjumbe, na umwachie uamuzi. Ukilisema katika kikao litaandikwa, na ikiandikwa kuwa mjumbe wa Baraza alisema, idara italiingiza somo hilo kwa kuogopa, si kwa kushawishika.

Majalada ya watu

Hakuna eneo ambalo Baraza huweza kuumiza chuo haraka kama uteuzi, uthibitisho kazini na upandishaji vyeo vya wahadhiri. Desturi hutofautiana: pengine Baraza lenyewe huamua kila uteuzi, pengine ngazi za uprofesa tu ndizo huletwa, na pengine kazi yote hufanywa na kamati ya uteuzi ambayo Baraza limeikasimia madaraka. Vyovyote iwavyo, hukumu ya ubora wa kazi ya mhadhiri imeshatolewa na makundi matatu kabla jalada halijakufikia, nayo ni wenzake katika idara, kamati ya kitivo na watathmini wa nje wanaoifahamu fani. Wewe huongezi chochote kwa kusoma makala zake upya. Unachoongeza ni jicho la mtu asiyekuwa na upande, na jicho hilo lina mahali pake pa kuangalia.

Fungua jalada la mhadhiri mwandamizi anayeombewa cheo cha profesa mshiriki. Angalia kama vigezo vilivyotumika ni vile vilivyokuwapo siku alipowasilisha maombi yake au ni vipya vilivyopitishwa katikati ya safari. Angalia watathmini wa nje walichaguliwa na nani, na kama yumo aliyewahi kuandika naye au kumsimamia. Linganisha muda: wenzake walioomba wakati mmoja naye walichukua miezi mingapi? Ikiwa kamati ya kitivo ilipendekeza apandishwe na kamati ya chuo ikakataa, sababu ya kutofautiana iwe imeandikwa, tena kwa maneno yanayoeleweka, siyo "haijaridhika". Na kama yeye mwenyewe alikataliwa na kukata rufaa, hakikisha walioisikiliza rufaa si wale wale waliomkataa.

Ucheleweshaji nao ni uamuzi, japo hauna sahihi ya mtu. Nalikumbuka jalada moja, katika chuo ambacho sitakitaja, lililoahirishwa vikao vitatu mfululizo, mara akidi haikutimia, mara kabrasha limechelewa, mara mjumbe mmoja ameomba muda zaidi. Hakuna aliyesema hapana. Kilipofika kikao cha nne, mhusika alikuwa ameshapata kazi kwingine, na katika muhtasari tukaandika kwamba ajenda imekosa uhalali wa kujadiliwa. Dawa yake ni kanuni inayosema kwamba jalada lililopendekezwa likiahirishwa, sababu iandikwe, mhusika ajulishwe, na lirudi katika kikao kinachofuata bila kuombwa.

Chuo Kikuu cha Illinois, nchini Marekani, kilijifunza jambo la jirani na hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2013 kilimwandikia Steven Salaita barua ya kumpa nafasi yenye ajira ya kudumu, ambayo, kama ilivyo desturi, ilitegemea idhini ya Baraza. Aliacha kazi aliyokuwa nayo, na masomo yalipangwa kuanza Agosti 2014, kabla ya Baraza kukutana. Kukaibuka malalamiko juu ya maandishi yake mtandaoni kuhusu vita vya Gaza. Uongozi ukamjulisha kwamba uteuzi wake hautaendelea, na mwezi Septemba Baraza likamkataa kwa kura 8 dhidi ya 1. Mwaka uliofuata chama cha maprofesa kilikitangaza chuo hicho kuwa chini ya lawama, na mnamo Novemba 2015 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola 875,000, ada za mawakili zikiwamo. Watu wanaweza kubishana mpaka usiku juu ya maandishi yale. Mjumbe wa Baraza aangalie kalenda. Idhini inayotolewa baada ya mtu kuhama mji si idhini tena, ni mtego kwa pande zote mbili. Ama Baraza liamue kabla barua haijatoka, ama likasimu madaraka hayo kwa maandishi na kubaki na usimamizi wa utaratibu.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba maneno ya miongozo inayopitishwa na Baraza huweza kulifunga Baraza lenyewe. Siku moja ya mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mbili zinazopaswa kusomwa kwa pamoja. Katika ya kwanza, David Roth, aliyekuwa na mkataba wa mwaka mmoja katika chuo cha umma cha Wisconsin, alionekana kutokuwa na haki ya kusikilizwa pale mkataba ulipokwisha bila kuongezwa, kwa sababu hakuna kilichomwahidi zaidi ya mwaka huo. Katika ya pili, Robert Sindermann, mwalimu wa chuo cha umma cha Texas, hakuwa na ajira ya kudumu rasmi, lakini mwongozo wa chuo ulikuwa umeandika kwamba chuo kinapenda mwalimu ajione kuwa na ajira ya kudumu maadamu kazi yake ni ya kuridhisha. Mahakama ikasema astahili kupewa nafasi ya kuthibitisha kwamba maneno hayo, pamoja na mazoea ya chuo, yalimpa haki ya kweli. Nchi nyingine zina sheria nyingine za kazi, lakini hulka ya maandishi ni ile ile kila mahali. Mwongozo wa watumishi ukiletwa kikaoni kama ajenda ndogo ya mwishoni, uusome kana kwamba ni mkataba.

Nidhamu, na barua zinazotoka nje

Mhadhiri akituhumiwa kwa wizi wa kitaaluma, kudai rushwa ya ngono au kughushi matokeo ya utafiti, utaratibu wa nidhamu uendeshwe na kamati yake, mtuhumiwa apewe mashtaka kwa maandishi, apate muda wa kujiandaa, aruhusiwe kusindikizwa na mtu anayemwamini na asikilizwe kabla ya hukumu. Mara nyingi Baraza ndilo chombo cha rufaa, na kwa sababu hiyo mjumbe asizungumzie kesi hiyo na mtu yeyote kabla haijamfikia rasmi. Mjumbe aliyeshatoa maoni yake kwenye kundi la simu la wahitimu hawezi tena kuwa hakimu wa rufaa hiyo, na anapaswa kutoka nje ya chumba.

Kesi ngumu zaidi ni zile ambazo kosa ni maneno. Mfadhili, mwanasiasa, kiongozi wa dini au mzazi humwandikia mjumbe moja kwa moja kulalamika kwamba mhadhiri fulani amechapisha makala ya kuudhi au amefundisha jambo lisilopendeza. Jibu la mjumbe liwe fupi: barua imepokelewa, imepelekwa kwa Makamu Mkuu wa Chuo kwa utaratibu wa kawaida, na Baraza halijadili maudhui ya ufundishaji wa mhadhiri mmoja mmoja. Usiahidi kufuatilia. Usimpigie mkuu wa idara. Simu ya mjumbe wa Baraza, hata ikianza kwa "nauliza tu", kwa anayeipokea ni amri.

Historia ya Chuo Kikuu cha California inaonyesha jinsi Baraza linavyoweza kujiingiza katika hili hatua kwa hatua. Mwaka 1949, katika hofu ya ukomunisti iliyoitanda Marekani, Baraza lake lilianza kudai wahadhiri watie sahihi kiapo maalumu cha kuukana ukomunisti. Waliokataa walifika mbele ya kamati ya Seneti ya chuo, ambayo ilipendekeza wengi wao wabaki. Julai 1950 Baraza lilikubali pendekezo hilo kwa kura 10 dhidi ya 9. Mwezi uliofuata likageuka, na kwa kura 12 dhidi ya 10 likawafukuza wahadhiri 31, ambao suala lao lilikuwa kukataa kutia sahihi, wala si kupatikana na hatia ya ukomunisti. Mwaka 1952 Mahakama ya Juu ya California iliamuru warudishiwe nafasi zao, kwa hoja kwamba sheria za jimbo zilikwisha kulishughulikia suala la viapo vya uaminifu na chuo hakikuwa na uwezo wa kuongeza cha kwake. Jambo la kukumbuka hapo, kwa maoni yangu, ni kura ile ya Julai. Baraza lilikuwa na pendekezo la chombo kilichowasikiliza watu mmoja mmoja, lilikuwa limeshalikubali, na halikuwa na ushahidi mpya wa kulifungua upya. Kanuni za vikao ziseme wazi ni katika mazingira gani uamuzi uliopita unaweza kurejewa.

Kufunga idara

Uamuzi wa kufunga au kuunganisha idara huleta mabishano kwa sababu ni wa fedha na wa taaluma kwa wakati mmoja. Makamu Mkuu wa Chuo husema idara ina wanafunzi kumi na wanne na wahadhiri tisa. Seneti husema hakuna chuo kikuu kisicho na falsafa. Wote wana hoja, na namba zile tisa na kumi na wanne huwa hazisemi kwamba wahadhiri hao hao wanafundisha mantiki kwa wanafunzi mia sita wa vitivo vingine. Kwa hiyo kabla ya lolote omba mzigo halisi wa kufundisha, si orodha ya waliosajiliwa.

Mpangilio wa hatua ndio unaookoa. Kwanza Baraza litoe tamko la hali ya fedha, yaani upungufu ni kiasi gani, kwa kipindi gani, na ni njia zipi nyingine za kubana matumizi zilizokwisha kujaribiwa. Hilo ni la kwake bila ubishi. Pili, Seneti ipewe muda uliotajwa, wenye tarehe ya mwisho, kushauri ni programu zipi zikipunguzwa zitadhuru taaluma kidogo zaidi. Hilo si la Baraza. Tatu, pendekezo linalorudi liwe na mpango wa wanafunzi waliopo kumaliza shahada waliyodahiliwa, ukitaja ni nani atakayewafundisha hadi mwanafunzi wa mwisho. Nne, wahadhiri waangaliwe mmoja mmoja: yupi anaweza kuhamia idara nyingine, yupi amebakiza miaka miwili kustaafu, yupi ana haki ya fidia. Baraza linalotangaza kufunga idara kwenye vyombo vya habari kisha likaiomba Seneti ushauri limeshaharibu, na hata ushauri mzuri utakaotolewa baada ya hapo utaonekana kuwa wa kupamba uamuzi.

Namna ya kutokubaliana na Seneti

Baraza lina haki ya kusema hapana, na pengine lina wajibu. Lakini njia iliyo bora mara nyingi ni kurudisha. Tofauti ni kwamba kukataa hufunga mlango, ilhali kurudisha humwambia aliyeleta ni nini kinakosekana. Azimio la kurudisha liwe na mambo matatu: ni kipengele gani hakikuridhisha, kwa sababu gani, na jibu linatarajiwa kikao kipi. Linganisha maandishi mawili. La kwanza: "Baraza lilijadili kwa kina na kuelekeza Seneti iangalie upya suala hili." La pili: "Baraza linarudisha pendekezo kwa Seneti kwa kuwa waraka hauonyeshi chanzo cha mishahara ya wahadhiri watatu wapya baada ya mwaka wa pili, Seneti, kwa kushirikiana na Ofisi ya Fedha, iwasilishe maelezo hayo katika kikao cha mwezi wa tatu. Baraza halina hoja juu ya maudhui ya programu." Sentensi ya mwisho ya azimio la pili ina thamani kubwa, kwa sababu inaonyesha mpaka. Seneti ikilipokea la kwanza itaanza kubashiri ni mjumbe gani hakuipenda programu.

Likirudi na majibu yakaridhisha, liidhinishwe bila kuanzisha swali jipya ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Lisiporidhisha, zipo taratibu za kamati ya pamoja, wajumbe wawili au watatu kila upande, wanaokaa bila kuandikwa muhtasari wa neno kwa neno. Nimeona mvutano wa miezi minane ukiisha alasiri moja kwa njia hiyo.

Ndani ya chumba cha kikao

Wajumbe wanaochaguliwa na wahadhiri, wafanyakazi au wanafunzi si mabalozi waliokuja na maagizo. Wakishaketi, wajibu wao ni kwa chuo kizima, na wanapaswa kutoka nje pale jalada linapowahusu wao au washindani wao wa karibu. Hata hivyo kuwapo kwao si badala ya pendekezo la Seneti. Mwenyekiti asimgeukie mhadhiri mmoja mezani na kumuuliza kama wenzake watakubali, kisha akaandika kwamba wahadhiri walishirikishwa.

Jihadhari na "mengineyo". Jambo lolote la taaluma au la mhadhiri linaloibuka pale mwishoni, watu wameshafunga makabrasha, lisiamuliwe. Liingizwe katika ajenda ya kikao kijacho na waraka wake. Jihadhari pia na maamuzi yanayofanywa kwa kuzungushiana simu. Mwaka 2012 viongozi wa Baraza la Chuo Kikuu cha Virginia walizungumza na wajumbe mmoja mmoja, kisha wakamshinikiza rais wa chuo, Teresa Sullivan, ajiuzulu bila kikao kamili kujadili na kupiga kura. Tangazo lilitoka tarehe 10 Juni. Wahadhiri na wahitimu wakasimama kupinga, na tarehe 26 Juni Baraza likamrudisha kwa kauli moja. Desemba ya mwaka huo shirika la ithibati la ukanda huo likakipa chuo onyo kuhusu utawala wake. Mashirika ya ithibati husoma mihtasari, na kikao ambacho hakikufanyika hakina muhtasari.

Kazi ya kikao haiishi mwenyekiti anapofunga. Katibu wa Baraza aiandikie Seneti barua ya maamuzi ndani ya siku chache, ikinukuu azimio kama lilivyopitishwa, bila kusubiri muhtasari uthibitishwe miezi mitatu baadaye. Nakala iende kwa mkuu wa kitivo husika, na kwa mhadhiri mwenyewe pale uamuzi unapomhusu. Kikao kijacho kinapofunguliwa, ajenda ya yatokanayo ionyeshe kila azimio la taaluma, limefikia wapi na liko mikononi mwa nani. Mjumbe mpya afanye mazoea ya kusoma ukurasa huo kwanza, kabla hata ya taarifa ya fedha.